Mama Mkwe Nyuma ya Kitambaa cha Sinema

Jumatatu, 6 Julai 1953

Nimeamka sakafuni. Mgongo mzima, namshukuru Mungu. Wapo wenye vitanda wanaoamka na mgongo mbovu.

Kitanda hakipo kwa sababu nilikibadilisha kwa gramafoni. Gramafoni haina sindano. Mwenye nayo aliniapia kuwa sindano ziko njiani kutoka Mwanza, nikamwamini, maana ana uso wa mtu wa kanisani. Justa mke wangu aliitazama gramafoni, akapatazama mahali kilipokuwa kitanda, akauliza kama nataka alalie santuri. Kisha akafunga kanga zake, akaenda kwa mama yake Ibadakuli. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kitanda kile tulipewa na mama yake siku ya arusi.

Basi leo nikiwa kazini, kwenye mizani ya kinu cha pamba, mpiga mbiu akapita. Gari la sinema linakuja Jumamosi, kiwanja cha mnada wa ng'ombe. Wataonyesha Bibi Arusi wa Ngoma Mbili. Ile ile! Nilisimama na jiwe la mizani mkononi mpaka mkulima mmoja akaniuliza kama naumwa.

Ni mchezo wa nyimbo ulioanzia hapa hapa Shinyanga, ukumbi wa welfea, ule wa starehe za watu. Binti mmoja anapendwa na manju wawili, viongozi wa ngoma, mmoja wa Wagika na mwingine wa Wagalu, vyama viwili vya ngoma. Wanashindania arusi kwa ngoma, kama Wasukuma tunavyoshindana kila baada ya mavuno. Hakimu hakuna. Ngoma zote mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, watazamaji wanakwenda wanakovutwa, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Pale ukumbini ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliinuka kwenye mabenchi, wakavuka kwenda upande waupendao, na waigizaji wakamaliza mchezo kwa kufuata watu. Leo binti anaolewa na Mgalu, wiki ijayo na Mgika.

Mama Justa, mama mkwe wangu, hakukosa hata onyesho moja. Yeye ni Mgalu tangu tumboni, na kaka yake alikuwa manju. Alikuwa akitembea kutoka Ibadakuli na kigoda chake kichwani. Kila alipokuwapo Wagalu walishinda, maana akiinuka yeye, nusu ya ukumbi inainuka. Mchezo ulipokwisha na waigizaji kutawanyika, alikaa kimya kama mfiwa, na jirani zake wakamletea unga.

Nampeleka kwenye sinema. Akifurahi, Justa anarudi. Mpango umekamilika kabla sijala chakula cha mchana. Nashukuru kwa kichwa nilichopewa.

Jumanne, 7 Julai

Pantaleo kaniharibia siku. Ni karani mwenzangu, mtu wa Chato, ana tai na baiskeli, na zamani alimtaka Justa. Nilipomweleza mpango akacheka mpaka akaegemea robota la pamba. Akaniuliza mimi na mama mkwe tutakaa wapi.

Hilo sikulifikiria. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Wakati wa mvua nilikutana naye ghafla karibu na daraja, nikajitupa kwenye ua wa minyaa, naye akajifunika kanga akageukia mtoni. Utomvu wa minyaa uliniingia jichoni. Nilishukuru kuwa ni jicho moja. Sasa nikae naye bega kwa bega, mbele ya Ibadakuli nzima? Afadhali niende bila suruali.

Pantaleo akasema kwa upole kwamba yeye si mkwe wa mtu. Atampakia kwenye baiskeli, atamwekea kiti, atakaa naye. Upole wa Pantaleo unawasha kuliko minyaa.

Jioni nimepata jibu nikifua shuka. Nimelianika kwenye kamba, jua likiwa nyuma yake. Jirani akapita upande wa pili, nikakiona kivuli chake chote, mpaka kikapu. Kitambaa cha sinema nacho ni shuka tu, kubwa zaidi. Picha inaonekana pande zote mbili! Mimi nitakaa mbele, mama mkwe nyuma. Tutatazama pamoja bila kuonana. Pantaleo na tai yake asingeliwaza jambo hilo mpaka kufa.

Jumatano, 8 Julai

Nimekwenda Ibadakuli baada ya kazi. Nimesimama nyuma ya ghala la mtama, kama heshima inavyotaka, nikaliambia ghala shikamoo. Mama Justa alikuwa upande wa pili anatwanga. Akakiambia kinu marahaba. Hivyo ndivyo tunavyozungumza, na sijawahi kugombana na ghala lile.

Nikalieleza habari ya sinema, na kitambaa, na nafasi nzuri nyuma ya kitambaa. Mchi ukasimama. Akakiuliza kinu kama mtu huyo anasema kweli, na kama ukitazama kwa nyuma hutawaona wachezaji wote wanatumia mkono wa kushoto. Nikajibu kuwa mchezaji hodari hutumia yote miwili. Halafu nikamsikia anaimba polepole wimbo wa binti anapokwenda kisimani, ubeti wa kwanza na wa pili, kisha akacheka peke yake. Moyo wangu ukalainika kabisa. Ningekuwa na akili, ningeaga wakati ule.

Lakini akauliza nani anashinda. Alikuwa amesikia kwamba sinema si ukumbi, kwamba watu hawawezi kuvuka wakaingia ndani ya picha. Nikaliambia ghala kuwa wanashinda Wagalu. Nikasema nimeiona. Nikasema wenye sinema ni rafiki zangu, tumekula samaki pamoja Nkome, kule ziwani. Mimi Nkome sijawahi kufika.

Mchi ukaanza tena, kwa nguvu. Akakiambia kinu kuwa binti yake hakurudi nyumbani kwa sababu ya kitanda. Kitanda kinachongwa. Amerudi kwa sababu mume wake anatoa maneno ovyo, kisha anamwacha mwenzake ayaokote. Basi Wagalu wakishinda kweli, kama ghala linavyosema, Justa atarudi mjini usiku uleule, na mkeka wa kulalia juu. Wakishindwa, atabaki hapa hapa, na ghala lisiletewe tena salamu.

Justa alikuwa mlangoni anachagua choroko. Hakuinua macho. Lakini nilipofika njiani nikakuta kibuyu cha maziwa kimewekwa juu ya jiwe ninalolipita kila mara. Nimekunywa yote nikitembea. Nina mke mwema kuliko ninavyostahili. Naliandika hili wazi, akija kulisoma na alisome.

Ijumaa, 10 Julai

Gari limefika. Mwenye mashine ni Bwana Januari, mtu wa Mwanza, mnene, mpole, hana haraka na jambo lolote. Nimemkaribisha kahawa. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, filamu inaishaje.

Akasema Wagika wanashinda.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akaeleza kuwa wapiga picha walitoka Nairobi na hawakuweza kuweka miisho miwili. Wakawaambia watu wavuke kama kawaida, na mwisho ule utakaopatikana ndio utakaobaki. Siku hiyo upande wa Wagalu kulikuwa na siafu. Watu wakakimbilia kwa Wagika. Imebaki hivyo, milele.

Ndoa yangu imevunjwa na siafu.

Nikamsihi Bwana Januari asimamishe mashine kidogo kabla ya mwisho. Akasema hawezi, watu wangelipindua gari. Nikamwuliza kama filamu haiwezi kuungua, hata kwa bahati mbaya. Akachukua kahawa yake akaenda kukaa mbali nami.

Mpango wa pili: kumwambia mama mkwe kuwa sinema imeahirishwa. Nimekimbia mpaka Ibadakuli, nikafika nikihema, nikakuta Pantaleo anatoka uani na baiskeli yake. Alikuwa amekwisha kuwaambia sinema iko palepale. Tena kaahidi kuwapelekea kiti chake cha nyumbani, chenye mto.

Mpango wa tatu nimeupata njiani nikirudi. Filamu zinakaa kwenye makopo bapa ya bati, moja baada ya jingine. Likikosekana kopo la mwisho, hakuna mwisho. Pasipo mwisho hakuna aliyeshindwa. Sijui kwa nini watu wananiita mjinga.

Jumamosi, 11 Julai, alasiri

Nimelipata! Bwana Januari alikwenda kula wali mgahawani. Makopo yamepangwa nyuma ya gari, moja juu ya jingine. La kwanza litakuwa juu, la mwisho chini, ndivyo mtu yeyote angepanga. Nikavuta la chini kabisa. Ni pana kama sinia.

Nimevaa koti la jeshi la marehemu baba mdogo, nimelifungia kopo tumboni kwa kanga ya Justa. Nikikaa, halionekani. Nikisimama, naonekana mjamzito. Kwa hiyo nitakaa. Mungu ni mwema, alimjalia baba mdogo mwili mkubwa.

Jumapili, 12 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze na nzi.

Kiwanja kilijaa mpaka kwenye zizi la mnada. Mbele palikuwa na viti vya Bwana Shauri wa serikali, bwana afya na makarani. Mimi nilikaa cha mwisho, karibu na mashine. Nyuma ya kitambaa alikuwa Mama Justa na wanawake wachache wa kwao. Kiti chenye mto alikikataa, akakalia kigoda chake, kwa hiyo Pantaleo alikikalia mwenyewe. Justa alisimama penye nguzo ya kitambaa, mahali ambapo mtu anaona pande zote mbili. Sikujua kama amekuja kututazama sisi au sinema.

Kwanza walionyesha filamu ya afya. Nzi katua chooni. Nzi karuka. Nzi anaelekea kwenye ugali wa mtoto, na giza. Bwana Januari akaanza kutafuta kopo la pili la nzi. Akatafuta mbele ya gari, chini ya gari, ndani ya kofia yake. Kopo likanibana mbavu, nami nikaelewa. Yeye hupanga kuanzia chini, na la kwanza lilikuwa tayari kwenye mashine.

Bwana afya akasimama akalalamika kuwa watu hawatapata fundisho. Mzee mmoja aliyekaa kwenye majani akamtuliza, akasema wamelipata, nzi kashinda.

Basi Bibi Arusi ikaanza, nami sikuwa na mpango wowote tena. Ningefanya nini? Kusimama siwezi. Nikakaa, nikasikiliza kitambaa.

Nasema kweli, sijapata kutazama kitu na mtu anayekipenda namna ile. Sikumwona, lakini nilimsikia vizuri. Kila neno alilitangulia. Binti hajafungua mdomo, Mama Justa kashasema. Alimkaribisha kila mwigizaji kwa jina, na wale wapya aliwauliza wenzao wa zamani wako wapi. Akasema huyu binti mpya sauti anayo, lakini mwembamba mno, hajala. Akasema ukumbini mbuzi wa mahari alikuwa mbuzi wa kweli na mara moja alikula kofia ya manju, na huyu wa sinema amesimama tu kama kaletwa mahakamani. Wimbo wa kisimani walipoukata ubeti wa pili, akauimba mwenyewe mpaka mwisho, na filamu ikaendelea bila yeye, kisha akaifikia mbele. Pantaleo alijaribu kumweleza maana ya jambo fulani. Nikasikia akiambiwa, "Nyamaza, baba, utamwamsha mtoto." Hapakuwa na mtoto.

Mara moja tu alikuwa kimya. Ni pale manju wa Wagalu anapompungia mkono mama yake kabla ya shindano. Nikasikia akipenga kamasi. Kaka yake aliondoka hivyo, kwenda vitani, hakurudi. Nilikuwa nalijua hilo tangu nilipooa, na sikuwahi kulifikiria mpaka jana, nikiwa na nzi tumboni.

Shindano likaja. Ngoma mbili. Kwenye kitambaa watu wakaanza kurukaruka na kujikung'uta miguu, ndio wale siafu, kisha kundi zima likamiminika kwa Wagika. Nikafumba macho. Nikaagana na Justa kimoyomoyo.

Ndipo nikasikia sauti. Mama Justa alikuwa ameinuka. Alikuwa anaimba kiitikio cha Wagalu, kile ambacho ukumbini kiliwatoa watu kwenye mabenchi. Kipaza sauti cha gari kinakwaruza, na yeye hakwaruzi. Wale wanawake wenzake wakaitikia. Pantaleo, sijui kilimpata nini, akageuza kiti cha mto akaanza kukipiga kama ngoma.

Na watu wa Shinyanga wakafanya kile wanachofanya kila mavuno. Wakaenda wanakovutwa. Kwanza bibi mmoja na kigoda chake. Halafu waliokaa kwenye majani wote wakainuka. Wagalu wakaenda mbio, Wagika wakaenda wakijifanya wanatafuta mtu, makarani wakaenda, bwana afya akaenda, Bwana Shauri akazunguka kuona kuna nini na hakurudi. Bwana Januari naye akaiacha mashine inazunguka, akafuata. Vumbi likapanda juu ya kitambaa. Nyuma ya picha kukawa na kiwanja kizima kinacheza.

Mbele nilibaki mimi na viti.

Kwa hiyo mwisho wa Bibi Arusi wa Ngoma Mbili ameuona mtu mmoja tu. Wagika walishinda. Manju wa Wagalu aliweka ngoma yake chini, taratibu, akampa mkono mwenzake. Ulikuwa mwisho mzuri. Ningependa kumsimulia mtu.

Baadaye watu wakatawanyika, wanaimba njia nzima. Kitambaa kikabaki cheupe, na nyuma yake mtu akawasha kandili. Nikakiona kivuli cha Mama Justa, kimeshika kiuno, anahema. Akakiuliza kitambaa, "Ewe kitambaa, mimi nilikupa mgongo. Mchezo umeishaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umevaa na viatu. Wagalu, mama. Wameshinda, mama, binti kalia kwa furaha. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Justa alikuwa pale penye nguzo, ananitazama. Nikafungua mdomo, na sauti yangu ikasema, "Mama, humu ndani wameshinda Wagika. Na mimi sikuwa nimeiona. Nilisema tu."

Sijui kwa nini. Naandika leo asubuhi na bado sijui. Nadhani ni ile kamasi.

Nilitamani siafu waje wanichukue mimi.

Halafu Mama Justa akacheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Akakiambia kitambaa kuwa hao wa ndani ni picha, hawana miguu. Wenye miguu walikuwa hapa, na wamekwenda wapi? Wamekuja kwake. Wagika wamekuja. Serikali imekuja. Tangu lini ngoma inashinda kwa kubaki na viti? Wagalu wameshinda, na ghala lilisema kweli, ingawa halikukusudia.

Kisha sauti yake ikapungua. Akasema watu wote walivuka isipokuwa mmoja. Alipotazama chini ya kitambaa aliona viatu viwili tu vimebaki mbele. Kumbe yupo kijana anayeweza kuisikia ngoma ile na bado asivuke, kwa sababu upande wa pili yupo mama mkwe wake. Akasema hakujua kuwa heshima ya namna hiyo bado ipo. Akasema, "Wabeja, ng'wanawane." Asante, mwanangu.

Nililia. Sikuweza kusema kuwa nilikuwa nimefungwa kopo la nzi na nisingeweza kusimama hata kiwanja kingeungua. Nilikishukuru kitambaa, nikamshukuru yeye, nikawashukuru siafu.

Justa akaja mbele na mkeka kichwani. Akanitazama koti. Akanigonga tumboni kwa kidole, ikalia bati. Tukaondoka mpaka njia ya mjini. Pale akatua mkeka, akaukalia, akacheka mpaka mbwa wa watu wakabweka. Nikamwuliza kama amerudi kwa sababu mama yake kasema. Akajibu kuwa mama yake alisema Wagalu wakishinda. Yeye mwenyewe alikuwa hajasema chochote, alikuwa anangoja asikie nitamjibu nini mama yake.

Tumelala sakafuni. Sakafu ni pana, wala haina kunguni. Sijawahi kuwa na shukrani kiasi hiki.

Jumatatu, 13 Julai

Nimemrudishia Bwana Januari kopo. Nikamwambia nimeliokota kwenye minyaa. Akanikumbatia mbele ya kinu kizima, akasema watu waaminifu wamebaki wachache. Justa alikuwa amesimama pale na chakula changu cha mchana, akaanza kukohoa.

Pantaleo kanipongeza. Kasema hata yeye hakujua kuwa naheshimu wakwe namna ile, na kwamba Justa yuko mahali pema. Alisema kwa upole, na safari hii haukuniwasha. Nilimpa nusu ya kiporo changu.

Jumanne, 14 Julai

Mama mkwe kaleta samli, chungu kizima, kwa baiskeli ya Pantaleo. Na swali. Anauliza kama ghala linafahamiana na yule binti mwembamba wa kwenye sinema. Amemfikiria tangu Jumamosi. Angependa apike, amlishe, amfundishe ubeti wa pili wa kisimani ili asiuruke tena.

Ningeweza kusema hapana. Hapana ni neno fupi. Lakini Pantaleo alikuwa amesimama na mguu kwenye pedali, anangoja jibu, na mimi nilikuwa nimeshika samli yake mama wa watu, imejaa mpaka mdomoni, na moyo wangu umejaa vilevile. Mama kama huyo unamjibuje hapana? Nikasema ndiyo, namfahamu sana, ni kama dada yangu. Nikasema atakuja Ibadakuli Jumapili, baada ya misa, kumsalimu mwenyewe.

Sikukusudia. Lilitoka.

Pantaleo kashapeleka jibu, na amerudi sasa hivi na habari kuwa wanachinja mbuzi na Wagalu wote wamealikwa. Mbuzi wa kweli, kasema, siyo kama yule wa sinema. Mama Justa anafagia ua kwa ajili ya mgeni.

Basi natafuta binti. Mwembamba, mwenye sauti, asiyejulikana sana na watu wa Ibadakuli. Nimewapitia wote ninaowajua kichwani, hakuna anayefaa. Kisha nikamtazama Pantaleo anavyofunga baiskeli yake. Kiuno chembamba. Sauti anayo, anaimba kanisani sehemu ya juu kabisa. Masharubu ni kitu cha kunyolewa, na uso utafunikwa kanga kwa sababu ya haya. Itawezekana. Itapendeza, hata.

Nimemkaribisha ndani. Nimempa chai ya maziwa na mkate uliopakwa samli pande zote mbili, nangoja ashibe ndipo nimweleze. Justa anashona mkeka pale mlangoni, anaimba. Ameniuliza kwa nini leo namkirimu Pantaleo namna hii. Nimemwambia ni shukrani tu.